Cheti na Umahiri: Mafunzo na Upimaji wa Wasanidi Programu wa Ajaili

1.0 Utangulizi

Ajaili ni utaratibu wa kutengeneza programu za kompyuta kwa awamu fupi, kwa kushirikiana na mteja, na kwa kukubali mabadiliko ya mahitaji hata pale kazi inapokuwa imekwisha kuanza. Msanidi programu anayeomba kazi katika timu inayofuata utaratibu huo hutarajiwa kuonyesha kwamba anaumudu. Kwa kuwa mwajiri hawezi kumtazama kila mwombaji akifanya kazi kwa majuma kadhaa, cheti huchukuliwa kuwa ushahidi unaotosha. Kwa sababu hiyo kumezuka taasisi nyingi zinazotoa mafunzo, mitihani na vyeti vya ajaili.

Makala haya yanafafanua chimbuko la vyeti hivyo, jinsi vinavyopatikana na kile ambacho kila kimoja kinapima. Hoja inayojengwa ni kwamba sehemu kubwa ya vyeti hupima ufahamu wa istilahi na kanuni za utaratibu, ilhali umahiri wa msanidi programu umo katika matendo ambayo mtihani wa kuchagua majibu hauwezi kuyafikia. Tofauti hiyo ina athari kwa pande mbili: kijana anayelipia cheti akiamini kwamba amekuwa fundi, na mwajiri anayemkabidhi kazi akiwa na imani hiyohiyo.

2.0 Chimbuko la Ajaili

Mwaka 1986, Hirotaka Takeuchi na Ikujiro Nonaka walichapisha katika jarida la Harvard Business Review makala kuhusu kampuni zilizobuni bidhaa mpya kwa kutumia timu moja iliyoshughulikia hatua zote kwa pamoja, badala ya kazi kupokezanwa kutoka idara moja hadi nyingine. Waliifananisha timu hiyo na wachezaji wa raga. Kutokana na mchezo huo ndipo lilipotoka jina la Scrum, utaratibu ambao Ken Schwaber na Jeff Sutherland waliuwasilisha katika mkutano wa OOPSLA mwaka 1995. Mwaka 1999, Kent Beck alitoa kitabu chake kuhusu Extreme Programming, utaratibu uliosisitiza zaidi kazi ya mikono ya msanidi: kuandika jaribio kabla ya kuandika msimbo, kuandika msimbo wawili wawili, kuunganisha kazi za timu mara kwa mara, na kuusafisha msimbo pasipo kubadili utendaji wake.

Mnamo Februari 2001, wataalamu 17, wakiwemo Schwaber, Sutherland na Beck, walikutana Snowbird katika jimbo la Utah, Marekani, wakaandika tamko la ajaili lenye maadili 4, ambalo liliambatana na kanuni 12. Kanuni mbili kati ya hizo zinauhusu mjadala huu moja kwa moja. Ya kwanza inasema kwamba kipimo kikuu cha maendeleo ni programu inayofanya kazi. Ya pili inataka ubora wa kiufundi uzingatiwe wakati wote. Kwa maneno mengine, waasisi wa ajaili walikataa kuyapima maendeleo ya mradi kwa wingi wa nyaraka zilizojazwa. Swali linalofuata ni iwapo vyeti vilivyozaliwa na ajaili vinawapima watu kwa kigezo hicho.

3.0 Aina za Vyeti na Njia za Kuvipata

Taasisi ya Scrum Alliance ndiyo iliyoanza kueneza vyeti vya Scrum mwanzoni mwa miaka ya 2000. Cheti chake kinachojulikana zaidi, Certified ScrumMaster, kilijengwa juu ya kozi ya siku mbili. Katika miaka ya awali, kuhudhuria kozi kulitosha kumpatia mtu cheti. Mtihani uliongezwa baadaye. Mtihani huo una maswali 50, na mtahiniwa hufaulu akipata majibu sahihi 37. Cheti hudumu kwa miaka miwili, na ili kukihuisha mwenye cheti hulipa dola 100 za Marekani na kuonyesha vitengo 20 vya kujiendeleza. Kwa wasanidi, taasisi hiyo hutoa Certified Scrum Developer, kinachopatikana kwa kupitia mafunzo ya kiufundi chini ya mkufunzi anayetambuliwa nayo.

Mwaka 2009, Schwaber aliondoka Scrum Alliance na kuanzisha Scrum.org. Taasisi hii mpya ilichagua njia tofauti: mtahiniwa halazimiki kuhudhuria kozi, anaweza kujisomea mwenyewe, na cheti chake hakiishi muda. Mtihani wa ngazi ya kwanza wa Professional Scrum Developer una maswali 80 yanayojibiwa kwa dakika 60, na kiwango cha kufaulu ni asilimia 85. Hivyo mtahiniwa ana wastani wa sekunde 45 kwa kila swali, na anatakiwa kupata angalau 68.

Kuna pia cheti cha PMI-ACP cha Project Management Institute, ambacho hudai ushahidi wa uzoefu wa kazi kabla ya mtihani, pamoja na vyeti vya ICAgile, taasisi iliyoanzishwa mwaka 2010, ambavyo hupangwa kwa kufuata njia mbalimbali za kujifunza. Kwa jumla, basi, cheti cha ajaili kinaweza kuwa ushahidi wa mambo matatu yasiyofanana: kwamba mtu alihudhuria mafunzo, kwamba alijibu maswali kwa usahihi, au kwamba amewahi kufanya kazi ya aina hiyo. Wasomaji wengi wa wasifu wa waombaji kazi huyachanganya yote matatu kwa sababu yote huitwa cheti.

4.0 Uhalali wa Kipimo

Katika taaluma ya upimaji, kipimo huwa halali pale kinapopima kile kinachodaiwa kupimwa. Mtihani unaweza kutegemeka, yaani ukatoa matokeo yaleyale kila unaporudiwa, na bado usiwe halali kwa dai linalotolewa juu yake. Mitihani ya ajaili inafaa kutazamwa kwa tofauti hiyo.

Chukulia mfano wa programu ya hospitali inayokokotoa gharama za mgonjwa. Mteja anaomba mgonjwa aruhusiwe kulipa kwa awamu. Msanidi hana budi kuusoma msimbo ulioandikwa na wengine, kuandika jaribio litakaloonyesha kwamba malipo ya awamu yanakokotolewa sawasawa, kubadili msimbo hadi jaribio lifaulu, kuhakikisha kwamba hesabu za wanaolipa kwa mkupuo hazikuharibika, na kuiunganisha kazi yake na ya wenzake siku hiyohiyo. Akikosea, mgonjwa hutozwa mara mbili au deni lake hupotea katika kumbukumbu. Mtihani wa kuchagua majibu unaweza kumwuliza msanidi huyo nani ana wajibu wa kupanga vipaumbele vya kazi, au kwa nini jaribio huandikwa kwanza. Anaweza kujibu yote mawili kwa usahihi na bado ashindwe kuandika jaribio hilo moja.

Upungufu huu hautokani na uzembe wa watunga maswali. Mwongozo wa Scrum, uliotolewa na Schwaber na Sutherland kwa mara ya kwanza mwaka 2010, umeachwa wazi kwa makusudi: unaeleza majukumu, vikao na nyenzo za timu, lakini hauamuru mbinu ya kuandika msimbo. Katika toleo la Novemba 2020, neno linalotumika kwa wasanidi linamhusu kila mwanatimu anayechangia kutengeneza sehemu yoyote ya bidhaa, awe anaandika msimbo au la. Mtihani unaojengwa juu ya mwongozo huo pekee utapima ufahamu wa mwongozo huo. Kosa hutokea pale matokeo yake yanaposomwa kama ushahidi wa umahiri wa kiufundi.

Martin Fowler, mmoja wa waliotia saini tamko la 2001, alilieleza tatizo linalokaribiana na hili mnamo Januari 2009. Alibainisha kwamba baadhi ya timu huanza kutumia Scrum bila kuzingatia ubora wa ndani wa programu, na baada ya muda kasi yao hupungua kwa sababu msimbo umevurugika. Vikao hufanyika kwa wakati na awamu hukamilika kama ilivyopangwa, lakini kila badiliko jipya hugharimu zaidi ya lililotangulia. Mafunzo yanayokomea kwenye vikao na majukumu huandaa timu za aina hiyo.

5.0 Uhuru wa Anayepima

Suala la pili linahusu uhusiano kati ya anayefundisha na anayetoa cheti. Kiwango cha kimataifa cha ISO/IEC 17024, kilichohuishwa mwaka 2012, huweka masharti kwa taasisi zinazotoa vyeti kwa watu binafsi. Kiwango hicho hukichukulia kitendo cha taasisi moja kutoa mafunzo na pia cheti kuwa tishio kwa kutopendelea, na hutaka tishio hilo lidhibitiwe. Sababu yake ni bayana: anayelipwa kwa kufundisha ana maslahi katika kufaulu kwa wanafunzi wake.

Katika vyeti vinavyodai kozi, mkufunzi huidhinishwa na taasisi ileile inayotoa cheti, na ada ya kozi ndiyo humfungulia mwanafunzi mlango wa mtihani. Hali hiyo haithibitishi kwamba kuna upendeleo, lakini inamlazimu mtafiti kuuliza ni wangapi hushindwa na kwa nini. Agile Alliance, jumuiya iliyotokana na mkutano wa Snowbird, iliwahi kutoa msimamo kwamba waajiri waviamini vile vyeti tu vinavyopima ujuzi na ambavyo ni vigumu kuvipata. Njia ya Scrum.org ya kutolazimisha kozi inapunguza mgongano huo wa maslahi, ingawa haiondoi tatizo la uhalali lililojadiliwa hapo juu.

6.0 Upimaji kwa Vitendo

Upimaji wa ujuzi kwa vitendo si jambo geni. Nchini Tanzania, kwa mfano, Mamlaka ya Elimu na Mafunzo ya Ufundi Stadi (VETA) huendesha urasimishaji wa ujuzi, ambapo fundi aliyejifunzia kazini, kama vile mwashi au seremala, hupimwa kwa kile anachoweza kukifanya ili ujuzi wake utambuliwe. Msingi wa utaratibu huo, kwamba kazi ya fundi ndiyo shahidi wake wa kwanza, unaihusu pia kazi ya msanidi programu.

Ndani ya jumuiya ya wasanidi kwenyewe kuna mazoezi yanayoonyesha njia. Tangu mwaka 2009 kumekuwapo mazoezi ya siku nzima ambapo wasanidi hukaa wawili wawili, hulishughulikia tatizo moja kwa dakika 45, kisha huufuta msimbo wote na kuanza upya na mwenza mwingine. Msimbo hufutwa ili mshiriki asikimbilie kumaliza, bali azingatie namna anavyofanya kazi. Zoezi hilo halitoi cheti, lakini linadhihirisha kwamba matendo ya ajaili yanaweza kuonekana na kujadiliwa katika muda mfupi.

Upimaji unaozingatia hayo unaweza kumpa mtahiniwa msimbo uliokwisha kuandikwa, mwenza wa kufanya naye kazi, na hitaji linalobadilika katikati ya muda. Mtahini angetazama kama majaribio yameandikwa, kama mabadiliko yamefanywa kwa hatua ndogo zinazofuatika katika kumbukumbu za msimbo, na jinsi mtahiniwa anavyoeleza uamuzi wake kwa mwenzake. Gharama ya utaratibu huu haifichiki. Unahitaji watahini mahiri, muda mrefu, na vigezo vya pamoja vitakavyozuia watahini wawili kutoa alama zinazopishana sana. Mtihani wa mtandaoni, kwa upande wake, ni nafuu, ni sawa kwa wote, na humfikia mtahiniwa popote penye intaneti. Una faida pia ya kuipa timu lugha moja. Kwa hiyo, njia mbili hizi zinafaa kukamilishana: mtihani upime ufahamu, na kazi ya vitendo ipime umahiri.

7.0 Hitimisho

Makala haya yameonyesha kwamba vyeti vya ajaili vinatofautiana katika kinachopimwa, anayepima na muda wa uhai wa matokeo. Mwajiri anayekutana na cheti anapaswa kuyauliza mambo hayo matatu kabla ya kukipa uzito, kisha ampe mwombaji kazi ndogo ya kufanya pamoja na timu. Msanidi anayechagua mafunzo naye atazame ni saa ngapi za kozi zimetengwa kwa ajili ya kuandika msimbo na majaribio. Kwa watafiti, eneo linalohitaji kuchunguzwa ni uhusiano kati ya alama za mitihani hii na ubora wa programu ambazo waliofaulu huzitengeneza baadaye. Iwapo programu inayofanya kazi ndiyo kipimo kikuu cha maendeleo ya mradi, haiwezi kuachwa nje ya chumba anamopimwa mtengenezaji wake.