Uvira: Mwezi ukijaa, wavuvi hukutana ufuoni

Kwa wavuvi wa ndagala mjini Uvira, jimbo la Kivu Kusini, mwezi ukijaa kazi inasimama.

Ndagala huvuliwa usiku wa giza. Mitumbwi iliyounganishwa kwa miti huingia Ziwa Tanganyika, taa zinawashwa, na samaki wakisha kukusanyika kwenye mwanga, wavu unainuliwa. Mbalamwezi ikiangaza ziwa lote, taa haziwavuti tena. Kwa siku kadhaa mitumbwi hubaki nchi kavu.

Hizo ndizo siku za marafiki. Kuanzia Kavimvira hadi Kalundu, na kusini zaidi kwenye vijiji vya Makobola na Swima, wavuvi hushona nyavu pamoja. Fundi anaziba nyufa za mtumbwi, mwenzake anapaka rangi na kuandika jina ubavuni. Mwenye gitaa analipiga, wengine wanaitikia, huku bugali wa muhogo na mukeke wa kuchoma vikisubiriwa.

Lakini ufuo huo umepungua. Mwaka 2021, na tena 2024, maji ya ziwa yalipanda hadi kuingia katika nyumba za kandokando. Mchanga wanaokalia marafiki hao ndio pia wanawake huanikia ndagala. Ukifunikwa na maji, au ukijengwa, wote wanakosa mahali: wa kazi na wa kicheko.

Mwezi ukianza kupungua, gitaa linarudi nyumbani, taa zinarudi mitumbwini.