Anayeandika sharti ndiye anayeamua

Mkazi wa Kawangware, Nairobi, anapolipa nauli ya matatu ya nambari 46 kwa simu, mfumo hujiuliza: nambari ya siri ni sahihi? Akirudi nyumbani, mita ya stima nayo huhesabu: tokeni zimebaki? Kila jibu lina njia yake. Jibu likiwa ndiyo, mambo yanaendelea. Likiwa la, yanakwama.

Hilo ndilo sharti, mojawapo ya mafunzo ya kwanza ya mwanagenzi wa kuandika programu. Bila masharti, kompyuta hufuata amri kutoka juu hadi chini pasipo kuchagua lolote.

Milango ya kujifunza imeanza kufunguka. Huko Kibera, Taasisi ya Tunapanda imewafunza vijana teknolojia na kujenga mtandao wa intaneti wa jamii unaoziunganisha shule za mtaa huo. Mwaka 2022, Taasisi ya Kukuza Mitaala nchini Kenya, KICD, iliidhinisha mtaala wa kuandika programu kwa shule za msingi na sekondari. Linalobaki ni kuhakikisha kwamba mtoto akishaketi mbele ya kompyuta, anafunzwa kufikiri, si kunakili.

Tuchukue zoezi la kutuma pesa. Mwanafunzi anaweza kuliandika hivi:

Ikiwa nambari ya siri si sahihi: kataa.
La sivyo, ikiwa salio halitoshi kiasi na ada: sema salio halitoshi.
La sivyo: tuma.

Mistari ni mitatu tu, lakini mpangilio wake una uzito. Tanguliza swali la salio, na mtu aliyeokota simu ya mwenzake katika soko la Toi atajua kama mwenye simu ana pesa, hata kabla ya kuthibitisha kwamba simu ni yake. Maswali ni yale yale. Siri imevuja kwa sababu ya mpangilio, na hilo ndilo kosa la kwanza.

Kosa la pili hujificha mpakani. Kitambulisho cha taifa hutolewa kwa aliyetimiza miaka 18. Mwanafunzi akiandika “umri ni zaidi ya 18”, aliyetimiza umri huo leo atakataliwa, na kompyuta haitaonyesha kosa lolote. Dawa ni kuijaribu programu kwa 17, 18 na 19 kabla ya kusema imekamilika.

Kosa la tatu ndilo zito zaidi: kumsahau asiyeingia katika sharti lolote. Kibera inalijua vyema. Wanubi, ambao wazee wao walikuwa askari wa jeshi la Waingereza, wameishi hapo kwa zaidi ya karne moja. Hata hivyo, vijana wao walilazimika kupitia kamati za kuwahoji kabla ya kupata kitambulisho. Mwaka 2011, kamati ya Umoja wa Afrika inayoshughulikia haki za watoto iliamua kwamba Kenya ilikuwa imekiuka haki za watoto wa Kinubi.

Serikali ilipoleta Huduma Namba, mfumo wa kusajili watu kidijitali, Nubian Rights Forum, shirika la kutetea haki za Wanubi, lilikuwa miongoni mwa waliokwenda kortini, likihofia kwamba wasio na hati wangefungiwa nje ya huduma. Januari 2020, Mahakama Kuu iliamua kwamba mfumo huo usiendelee mpaka uwekewe kanuni kamili, na ikapinga ukusanyaji wa taarifa za DNA. Hoja ya Wanubi, kwa lugha ya programu, ilikuwa hii: mmeandika “ikiwa ana hati”, je, asiye nayo?

Ndiyo maana somo hili lisichukuliwe kuwa ufundi mtupu. Watoto wa Kibera na Kawangware wamekulia chini ya masharti yaliyoandikwa na watu wasiowajua. Wakijua kuyaandika, watajua pia kuyahoji.

Mwalimu asiye na kompyuta asisubiri. Kalamu na karatasi zinatosha kuanzia, na Kiswahili kinatosha kufundishia. Wape wanafunzi kanuni wanazozijua, waziandike kwa masharti, kisha wazijaribu mpakani. Usikubali kazi ambayo haijasema asiyetimiza sharti atafanyiwa nini. Programu inayomsahau mtu huyo haijakamilika, hata kama inafanya kazi.