Mnyoo Ajengaye kwa Chokaa

Ndugu wafanyakazi, wenzetu wa gudini hukwangua chini ya meli vijibomba vyeupe, vigumu kama jiwe. Wengi hudhani ni kombe. La, ni nyumba za mnyoo wa bahari za joto, ambaye wataalamu humwita Hydroides elegans.

Mtoto wa mnyoo huyu huelea majini siku kama 5, kisha hutafuta pa kukaa. Chuma kilichosuguliwa karibuni hakimvutii sana. Anataka ule utelezi wa vijidudu unaotangulia kushika. Watafiti wa Hawaii walilichunguza sana jambo hili. Akiupata, hujibandika na kuanza kujizungushia bomba la chokaa itokayo mwilini mwake. Hahami tena. Kichwani hutoa vishada kama manyoya, ndivyo pua yake na ndivyo wavu wake wa chakula. Akishtuka hujivuta ndani na kuziba mlango kwa kizibo. Wiki 3 hivi zikipita, naye yu tayari kuzaa.

Basi meli iliyokaa nangani huwa nzito na kula mafuta mengi. Mabomba ya kiwanda yanayovuta maji ya bahari nayo huziba.

Rangi yenye sumu ya bati ilimzuia, lakini ilidhuru hata konokono. Mkataba wa kimataifa wa mwaka 2001, ulioanza kutumika 2008, uliipiga marufuku, ila uliruhusu iliyokwisha pakwa ifunikwe kwa rangi nyingine. Kwa hiyo, ndugu, ukipewa meli kuukuu uikwangue, uliza kwanza chini ya rangi hiyo kuna nini, na glovu na kinyago viko wapi. Vijibomba hivyo hukata kiganja kama kigae.