Taa ya seva ikibadilika rangi: andika kwanza, gusa baadaye

Leo tutoke kidogo kwenye mambo ya bei na wateja, tuongelee mashine zinazobeba biashara zetu.

Mimi nauza sare za shule, mabegi na viatu vya watoto mtandaoni, hapa Dar. Oda zinaingia Instagram na WhatsApp, tunaziingiza kwenye programu ya stoku, na programu yenyewe inakaa kwenye seva moja niliyoinunua imeshatumika. Seva ni kompyuta tu, ila imetengenezwa kufanya kazi usiku na mchana, na inajichunguza. Ikiumwa inasema. Shida ni sisi tunaoambiwa.

Jumatatu ya wiki ya shule kufunguliwa, taa ya mbele iliyozoea kuwa ya bluu ikaanza kuwaka na kuzima kwa rangi ya chungwa. Programu inafungua. Oda zinaingia kama mvua. Nikasema nitaiangalia wikiendi. Alhamisi ndio nikapata muda, nikafungua ukurasa wa usimamizi wa seva, nikakuta maneno ambayo kwa Kiswahili yanasema: diski namba 1 imeshindwa.

Ndani kuna diski mbili zinazoandika kitu kilekile kwa wakati mmoja, ule mpangilio mafundi wanaita RAID 1. Moja ikifa, nyingine inaendelea. Na kwenye seva nyingi diski unaweza kuichomoa mashine ikiwa inawaka. Basi nikachomoa diski ya kwanza. Programu ikakata palepale.

Seva yangu inahesabu nafasi kuanzia sifuri. Diski namba 1 ni ya pili. Niliyochomoa ilikuwa namba 0, ile nzima. Kataa kadogo kwenye diski mbovu kalikuwa kanawaka vilevile rangi ya chungwa, lakini tulikuwa tumekafunika wenyewe na stika ya bei. Cheka tu, mimi sikucheka siku ile.

Nikairudisha haraka. Haikusaidia. Kidhibiti cha diski kikaiona kama mgeni, kikasema kuna diski ngeni, uipokee au uifute? Hapo nikashukuru kwamba sikubonyeza kitu. Nikampigia fundi.

Fundi alipofika swali lake la kwanza halikuwa la kompyuta. "Dada, hii taa ilianza kuwaka lini?"

Nikaona aibu. Nikasema, "Leo asubuhi."

Akafungua daftari la matukio la seva, lile linaloandika kila hitilafu na saa yake. Tarehe zote zilikuwa za uongo. Kile kibetri kidogo cha duara kwenye mazabodi kilikuwa kimekufa zamani, kwa hiyo kila umeme ukikatika saa inaanza upya. Mashine haikujua ni lini iliugua. Aliyejua ni mimi peke yangu.

Akaniambia, "Kama ni leo asubuhi, naweza kuilazimisha hii namba 1 iamke, tukipoteza ni masaa machache." Akaweka mkono kwenye kibodi. Ndipo nikamwambia ukweli, kwamba ni tangu Jumatatu.

Akaondoa mkono. Maana diski namba 1 ilitolewa kwenye kazi siku ileile iliyoshindwa. Kuanzia hapo oda zote ziliandikwa kwenye namba 0 tu. Angeiamsha namba 1, programu ingefunguka vizuri kabisa, ikionyesha dunia ya Jumatatu. Halafu angeambia seva inakili kutoka kwenye namba 1 kwenda kwenye namba 0, na oda 63 zingefunikwa zikapotea. Wazazi wameshalipa, meseji za malipo ninazo, lakini nani anataka sketi saizi gani, wa shule ipi, apelekewe wapi, hayo yote yalikuwa mle ndani. Bekapu yangu ya mwisho ilikuwa ya kabla ya Krismasi.

Akachagua kuipokea ile diski ngeni, namba 0. Oda zote zikarudi. Ndio maana nasema tahadhari ya seva ina mambo matatu ya kuandika kabla ya kugusa chochote: imeanza lini, inataja kifaa gani, na maneno yake yanasemaje. Piga picha ya skrini kwa simu, piga na picha ya taa. Andika kwenye daftari la karatasi, sio ndani ya seva yenyewe inayoumwa.

Baada ya kuandika, kitu cha pili ni kunakili data kwenda nje. Bekapu kabla ya matengenezo, kwa sababu matengenezo yenyewe ndiyo yanayoua. Diski mpya ikiwekwa, ile iliyobaki inasomwa yote mwanzo hadi mwisho ili kuijaza mpya, na kama nayo ina udhaifu uliojificha, hapo ndipo unaonekana. Na diski mbili sio bekapu, jamani. Ukifuta oda kwa bahati mbaya inafutika kote kuwili kwa wakati mmoja.

Sasa tuone maonyo yenyewe, maana hayana uzito mmoja.

Ya diski ndiyo utakutana nayo zaidi. Diski nyingi zina mfumo wa kujipima unaoitwa SMART, na unatoa namba nyingi za kuchosha. Mimi naangalia nne. Namba 5 inahesabu vipande vya diski vilivyoharibika na kuhamishiwa kwenye akiba. Namba 197 ni vipande vilivyogoma kusomeka na vinasubiri uamuzi. Namba 198 ni vilivyoshindikana. Hizi tatu zikiwa sifuri, lala. Zikianza kupanda wiki hadi wiki, nunua diski. Ya nne ni 199, na hii imewaliza wengi pesa bure: inahesabu data iliyoharibika njiani kati ya diski na mazabodi. Mara nyingi ni waya umelegea au umechoka. Badilisha waya, uangalie kama namba imeacha kupanda. Haitarudi sifuri, hiyo ni kawaida yake, kinachotakiwa ni isimame.

Mwaka 2007 watafiti wa Google walitoa matokeo ya kuchunguza diski zaidi ya laki moja. Waliona kwamba diski ikishapata hitilafu ya kwanza ya kusoma kwenye ukaguzi wake, uwezekano wa kufa ndani ya siku 60 ni mara 39 ukilinganisha na diski isiyokuwa nayo. Hapo utaona kwa nini "nitaiangalia wikiendi" ni hesabu mbaya. Lakini utafiti huohuo uliona kwamba zaidi ya nusu ya diski zilizokufa hazikuwa zimeonyesha hata moja ya dalili nne kubwa. Kwa hiyo onyo likija liamini, ila kutokuja kwa onyo usikuamini.

Ya pili ni kumbukumbu, yaani ramu. Ramu za seva nyingi ni za aina ya ECC: kosa dogo la biti moja inalisahihisha yenyewe na kuendelea, la biti mbili inaligundua tu, haiwezi kulirekebisha. Ndio maana utaona maonyo ya aina mbili. Likisema kosa limesahihishwa, na ni mara moja, andika tarehe uendelee na kazi. Likijirudia kwenye nafasi ileile, zima seva kwa utaratibu, chomoa waya wa umeme, toa kile kijiti cha ramu ukirudishe vizuri. Bado lipo? Kihamishe nafasi nyingine. Kosa likimfuata kijiti, kijiti ni kibovu. Likibaki kwenye nafasi ya mwanzo, tatizo ni mazabodi, na hapo ongea na fundi kabla hujatoa hela ya ramu. Likisema kosa halikusahihishika, usisubiri lijirudie. Seva inaweza kuzima katikati ya oda.

Umeme. Seva nyingi zina pawa saplai mbili, na onyo linasema ulinzi wa umeme umepotea. Kabla ya kununua nyingine angalia waya. Kwangu niliwahi kuhangaika asubuhi nzima, kumbe kijana wangu wa stoo amechomoa waya mmoja ili achaji simu. Kuna na betri ndogo ya kidhibiti cha diski, ambayo ikichoka seva haizimi, ila kuandika kunakuwa kuzito ghafla, kwa sababu kidhibiti kinaacha kutumia hifadhi yake ya haraka kikiogopa umeme ukikatika data ipotee. Ukiona programu imekuwa nzito na kuna onyo la betri, usimlaumu mtu wa intaneti.

Joto na feni nitasema kwa ufupi: vumbi. Kiwango kinachopendekezwa kwa hewa inayoingia kwenye seva ni nyuzi 18 hadi 27, na stoo zetu zenye bati juu zinapita hapo saa nne asubuhi. Itoe kwenye kona, usiibananishe na maboksi, ipulize vumbi ikiwa imezimwa. Feni ikitajwa kwenye onyo badilisha mapema, ni kifaa cha bei ndogo kinacholinda vya bei kubwa.

Kuhusu pa kusomea maonyo: seva za Dell zina kitengo kinachoitwa iDRAC, za HPE kinaitwa iLO. Ni kama kompyuta ndogo ndani ya kompyuta. Inafanya kazi hata seva ikiwa imezimwa, mradi waya wa umeme umechomekwa. Unaifungua kwa kivinjari ukiwa kwenye mtandao wa dukani. Mwambie fundi akuonyeshe na akuwekee itume barua pepe onyo likitokea, maana taa iliyoko stoo haimwambii mtu aliyeko sokoni. Na hapohapo kuna kitufe cha kuiambia diski fulani iwashe taa yake ya kujitambulisha. Kitumie kabla ya kuchomoa, halafu linganisha namba ya usajili iliyoandikwa kwenye diski na ile iliyo kwenye skrini. Namba ya nafasi inaweza kukudanganya kama ilivyonidanganya mimi, ya usajili haidanganyi. Saa ya seva nayo iangaliwe, kibetri cha CR2032 kinauzwa bei ya chakula cha mchana.

Najua wengi humu hamna seva, mnatumia laptopu. Hadithi ni ileile. Laptopu ya Windows unaweza kuwekea programu ya bure ya CrystalDiskInfo, inaonyesha hali ya diski kwa rangi: bluu ni nzima, njano ni tahadhari, nyekundu ni mbovu. Njano kwangu ni siku ya kunakili kila kitu, sio siku ya kutafuta bei. Na kama tovuti yako iko kwenye seva ya kukodi, wakikuandikia kwamba kuna hitilafu ya kifaa, waulize ni kifaa gani, kitabadilishwa saa ngapi, na bekapu ya mwisho ni ya lini. Wakibadilisha diski hakikisha wamebadilisha ile yenye namba ya usajili iliyotajwa.

Angalizo la pembeni. Ukiwa unaperuzi ukaona ukurasa unapiga kelele kwamba kompyuta yako imeharibika, piga namba hii, lipia hapa, huo ni utapeli. Onyo la kweli la kifaa linatoka kwenye mashine yako yenyewe, na haliombi hela.

Sasa kwangu stika za bei zimetoka kwenye taa. Kila diski ina karatasi yenye namba ya usajili na namba ya nafasi kuanzia 0, na daftari limening'inizwa kwa kamba ubavuni mwa seva. Bekapu inatoka kila usiku kwenda kwenye diski ya nje, na kila Jumapili dada yangu anaondoka nayo kwake, analeta ile ya wiki iliyopita.

Kama taa yako inawaka rangi ya chungwa sasa hivi unaposoma hapa, piga picha kwanza, kisha niandikie hapo chini ilianza lini na maneno yanasemaje. Na tarehe iwe ya kweli.