Sare ya Kwanza na Mikono ya Mtoto

Sare ya mtoto anayeanza elimu ya awali, yaani mafunzo yanayotangulia darasa la kwanza na ambayo Zanzibar huitwa maandalizi, kwa kawaida huchaguliwa kwa macho ya mzazi, ambaye hutazama kama rangi inalingana na ile iliyotajwa na shule, kama kitambaa ni imara na kama nguo itavuka mwaka bila kununuliwa nyingine. Mtazamo huo una sababu nzito, kwa kuwa ada katika shule za serikali za Tanzania Bara ilifutwa kuanzia Januari 2016, lakini sare iliendelea kuwa mzigo wa mzazi, na mzigo huo humfika katika mwezi uleule ambao akiba imekwishaliwa na sikukuu. Hata hivyo, atakayeshinda ndani ya nguo hiyo ni mtoto wa miaka 5, na swali linalopaswa kutangulia mengine yote dukani ni kama mikono yake mwenyewe inaweza kuivua na kuivaa pasipo mama, dada wala mwalimu.

Uwezo huo hutegemea kile ambacho wataalamu wa makuzi hukiita stadi za misuli midogo, yaani ushirikiano wa vidole, kiganja na jicho katika kazi ndogondogo kama kushika kalamu au kutunga shanga, nazo hukomaa kwa hatua: mtoto huweza kuvua kabla hajaweza kuvaa, huweza kushusha nguo yenye lastiki kiunoni kabla hajaweza kufungua kifungo, humudu kifungo kipana kabla ya kidogo, na kufunga kamba za viatu huja nyuma ya yote, kwa wengi kati ya miaka 5 na 7. Kaptula yenye mkanda, kulabu ya chuma na zipu hupendeza inaponing'inia dukani, lakini humtaka mtoto aliyebanwa na haja ndogo afanye kazi tatu mfululizo bila kukosea mpangilio, na iliyo ngumu kuliko zote ni ile kulabu, ambayo humlazimu avute tumbo ndani, azikaribishe ncha mbili za kitambaa kigumu, kisha azitelezeshe kila moja upande wake kwa wakati mmoja. Mara nyingi haja humtoka mkono ukiwa bado kwenye kulabu, na aibu ya kulowa mbele ya wenzake katika wiki ya kwanza ya shule haistahili kumpata mtoto yeyote kwa sababu ya kipande cha chuma ambacho fundi cherehani angeweza kukiondoa na kutia lastiki kwa muda mfupi.

Suala la choo lina upande wake mwingine ambao wauzaji hawautaji. Shule nyingi zina vyoo vya kuchuchumaa, na sakafu yake huwa na maji, hivyo suruali ndefu yenye mguu mpana au gauni linalofika karibu na kifundo humtaka mtoto akusanye kitambaa kwa mkono mmoja huku akijizuia asianguke kwa mkono wa pili. Kaptula au sketi inayoishia magotini humpunguzia kazi hiyo, na pale ambapo shule inataka vazi refu, afadhali mguu wa suruali uwe mwembamba kidogo ili ukipandishwa ubaki palepale. Kwa wasichana wanaovaa ushungi, tofauti ni kubwa kati ya mtandio unaozungushwa na kubanwa kwa pini, ambao ukivutwa katika michezo hauwezi kurudishwa isipokuwa na mtu mzima, na ushungi ulioshonwa tayari wenye nafasi ya uso na lastiki, ambao mtoto huuvaa kwa kuupitisha kichwani. Huu wa pili ndio unaomfaa, na pini yenye ncha kali haina nafasi karibu na shingo ya mtoto anayekimbia.

Kuhusu ukubwa, desturi ya kumnunulia mtoto nguo inayompwaya ili aikulie hujengwa juu ya dhana kwamba mwili hukua sawasawa pande zote, jambo ambalo si kweli kwa umri huu. Mtoto wa miaka 5 huongezeka urefu kwa takriban sentimita 6 kwa mwaka, lakini kiuno chake hakibadiliki sana, na ni katika umri wa miaka 5 hadi 6 ambapo uwiano wa uzito kwa urefu hufikia kiwango chake cha chini kabisa kabla ya kuanza kupanda tena, ndiyo maana mtoto aliyekuwa kibonge huonekana kama amekonda wakati anaanza shule ilhali ana afya njema. Kaptula ya mtoto wa miaka 8 kwa hiyo haimngoji akue, bali humtelezea nyonga mchana kutwa, naye huishikilia kwa mkono ambao ulipaswa kushika kalamu. Namna bora ya kuitunza pesa ni kuagiza upana unaomkaa sasa na kumwomba fundi aache upindo mpana, wa sentimita 5 hivi, ulioshonwa kwa mkono ili ushushwe urefu unapohitajika.

Kitambaa cha sare nyingi ni mchanganyiko wa pamba na polyesta, ambayo ni nyuzi zitokanazo na mafuta ya petroli na ambayo wengi waliizoea kwa jina la tetroni, lililotokana na jina la kibiashara la Kijapani. Pamba katika hali ya kawaida hubeba unyevu wa karibu asilimia 8 ya uzito wake, wakati polyesta hubeba chini ya asilimia 1, na kutokana na tofauti hiyo moja mnunuzi anaweza kujua mengi: shati lenye polyesta nyingi hukauka upesi na halikunjamani, na marinda ya sketi yaliyopigwa kwa joto hudumu, lakini jasho la Dar es Salaam au Mombasa mwezi Januari hubaki juu ya ngozi kwa kuwa nyuzi haziwezi kulinyonya. Inafaa basi shati, ambalo hugusa ngozi, liwe na pamba nyingi, na sketi au kaptula iwe na polyesta zaidi. Sweta ni ya sehemu za baridi kama Njombe na Limuru.

Viatu vinahitaji uangalifu kuliko nguo zote, kwa sababu sehemu ya mifupa ya mguu wa mtoto bado ni gegedu, yaani tishu laini ambayo haijawa mfupa, na hujikunja kufuata umbo la kiatu kinachobana bila mtoto kulalamika. Mguu upimwe jioni, unapokuwa umevimba kidogo, mtoto akiwa amesimama juu ya karatasi na uzito wote ukiwa miguuni, na ipimwe miguu yote miwili, kwani aghalabu mmoja huwa mrefu. Namba za Ulaya bara huhesabiwa kwa theluthi mbili za sentimita, hivyo namba 28 ina urefu wa ndani wa takriban sentimita 18.7, na mguu wa sentimita 17.5 ukiongezewa nafasi ya sentimita 1 mbele ya kidole kirefu hukaa humo vizuri. Namba za Kiingereza hupanda kwa theluthi ya inchi, na jozi ileile huwa na namba tofauti kabisa. Nafasi ikizidi hapo, mtoto hukunja vidole kukishikilia kiatu na kujikwaa. Mkanda wa kunata humfaa kuliko kamba.

Sare yote ifuliwe kabla ya siku ya kwanza, kwa sababu pamba iliyovutwa wakati wa kufumwa hurudi na kuruka inapolowa, rangi iliyozidi huchuja kwenye beseni badala ya kuchuja shingoni, na matundu ya vifungo, ambayo katika nguo mpya huwa magumu kama karatasi, hulainika. Kisha mtoto avae yote nyumbani, viatu na begi vikiwemo, na kwa siku mbili tatu aende chooni peke yake akiwa ameivaa sare hiyo, mlango ukiwa umerudishwa na mtu mzima akisubiri nje bila kumsaidia. Kifungo kitakachomshinda hapo kipelekwe kwa fundi kabla shule hazijafunguliwa.