Sauti za Gurudumu Baada ya Matengenezo

Watu wengi hufungua magurudumu ya motokaa zao nyumbani na kubadili pedi za breki wenyewe. Si vibaya, lakini gari likianza kulia baada ya kazi hiyo, yafaa kujua sababu yake.

Mlio mwembamba wa kukwaruza mara nyingi hutoka katika kifuniko cha bati kilicho nyuma ya diski ya breki. Kikipindwa kidogo, hugusa diski. Kinyoshwe taratibu, diski ikiisha poa.

Mvumo unaozidi pamoja na mwendo ni dalili ya beringi. Gari likipinda kulia, uzito hulemea magurudumu ya kushoto. Basi mvumo ukizidi hapo, shuku beringi ya kushoto.

Lakini ukisikia “ko, ko, ko” ifuatayo mzunguko wa gurudumu, simama mara moja kando ya barabara. Huenda nati zimelegea, na gurudumu laweza kuchomoka. Zikaze kwa kupishana, kila nati na inayoielekea, kisha zikague tena baada ya kilometa 50 hadi 100. Matundu ya nati yakiwa yamepanuka, usiendeshe, mwite fundi.

Kawia ufike.