Mtoto anavuka daraja kwa bodaboda? Mengi yaamuliwe kabla hajatoka nyumbani

Jumanne moja ya mwezi wa saba binti yangu alirudi kutoka shule bila kofia yake ya sare. Yupo darasa la tano, na kofia zile hazipatikani madukani, zinauzwa shuleni tu, kwa hiyo nilianza kwa kufoka. Akaniacha nimalize, kisha akasema kwa sauti ya kawaida kabisa: "Iliruka darajani mama. Anko akasimama akarudi kwa miguu kuifuata, lakini ikaenda majini."

Anko ni kijana wetu wa bodaboda. Sisi tunaishi Kigamboni, shule ipo upande wa Kurasini, na daraja wanalolivuka kila asubuhi ni lile la Nyerere.

"Na wewe ulikuwa wapi alipokwenda kuifuata?"

"Nilibaki kwenye pikipiki."

Nilikaa chini. Mtoto wa miaka 11 alikuwa amekaa peke yake juu ya pikipiki iliyosimama kwenye njia ya magari, asubuhi, saa ambayo malori ya mafuta yanatoka Kigamboni na kila mtu anakimbilia kazini. Halafu likanijia swali la pili, ambalo nilipaswa kuwa nimejiuliza tangu mwaka jana. Kama kofia ya sare ilikuwa kichwani hadi upepo ukaichukua, kofia ngumu ilikuwa wapi? Jibu: ilikuwa imening'inizwa kwenye usukani, kwa sababu ni kubwa, inamziba macho.

Nilitaka kumpigia simu yule kijana nimfukuze kazi palepale. Nashukuru sikufanya hivyo, maana mazungumzo tuliyofanya naye kesho yake yalinionyesha kwamba nusu ya makosa yalikuwa yangu.

Darajani hakuna pa kukwepea

Barabarani dereva wa pikipiki akipata shida ana pembeni. Anatoka nje ya lami, anasimama chini ya mwembe, anaweka mambo sawa, anaendelea. Darajani kuna njia ya magari, kuna ukingo, basi. Chochote ambacho hakikuwekwa sawa kabla ya kupanda daraja kitamkuta mahali ambapo hakuna nafasi ya kukirekebisha.

Halafu kuna upepo. Mjini majengo na miti vinatukinga na hatujui kama tunakingwa. Ukifika juu ya maji kinga inaisha ghafla, na pikipiki ya bodaboda ni nyepesi. Kuna jambo kuhusu upepo ambalo wengi hatulijui: kasi yake ikiongezeka mara mbili, nguvu yake ya kusukuma inaongezeka mara nne. Ndiyo maana dereva anayesema "mimi nimeuzoea upepo wa hapa" anaweza kuwa mkweli kwa siku 20 za mwezi, akashangaa siku ya 21.

Mzazi wa pwani ajue na saa zake. Asubuhi mara nyingi hali ni tulivu. Kadiri jua linavyopanda na nchi kavu inavyopata joto, upepo wa baharini unaongezeka, na mchana mtoto anaporudi shule ndipo unapokuwa mkali. Miezi ya kusi, kuanzia kama mwezi wa nne hadi wa tisa, unavuma kutoka kusini. Kaskazi ukishika, mwishoni mwa mwaka, unageuka. Kwa wanaotumia Daraja la Tanzanite, ukitoka Aga Khan kwenda Coco Beach bahari ipo kulia kwako moja kwa moja, hakuna hata nyumba moja kati yako na maji. Daraja lile lina urefu wa zaidi kidogo ya kilomita moja. Kule Mwanza, Daraja la Kigongo-Busisi lililofunguliwa mwaka 2025 ni la kilomita 3 juu ya Ziwa Victoria, na wanaolijua ziwa wanajua jinsi dhoruba yake inavyokuja bila kupiga hodi.

Kijana wetu alipotulia (mwanzoni alidhani nimemwita kumfokea) alinieleza jambo ambalo sikuwahi kulifikiria. "Mama, upepo wenyewe si tatizo sana. Tatizo ni lori. Likikupita upande unaotoka upepo linakukinga, pikipiki inanyooka. Likimaliza kupita, upepo unarudi wote kwa mpigo, unakutupa." Kwa hiyo yeye akiona lori kwenye kioo anapunguza mwendo mapema, anashika katikati ya njia yake, analiacha lipite. Hachomekei kati ya lori na ukingo hata foleni ikiwa imesimama. Nilimwuliza kama vijana wote wa kijiweni kwao wanafanya hivyo. Akacheka tu.

Alinieleza pia kuhusu maungio. Daraja refu halijengwi kipande kimoja. Kuna mahali vipande vinapokutana, na hapo huwekwa chuma ili daraja liweze kutanuka kwa joto na kusinyaa kwa baridi. Tairi la gari linapita hapo bila gari kujali. Tairi la pikipiki, chuma kikiwa kimelowa, linateleza kama sabuni. Dereva mzuri anayapita maungio akiwa amenyooka, hapigi breki juu yake, hageuzi usukani. Mvua ya kwanza baada ya kiangazi ndiyo mbaya kuliko zote, kwa sababu vumbi na mafuta yaliyodondoka miezi yote vinageuka utelezi. Mvua ikinyesha nusu saa mfululizo barabara inaoshwa kidogo. Siku ya mvua ya kwanza, basi, nafuu mtoto achelewe.

Haraka yetu ni ya sekunde 20

Hapa ndipo nilipoona aibu. Nilimwuliza kwa nini anakimbia darajani, maana binti alishaniambia "anko anakimbiza hadi macho yanatoa machozi". Akanijibu kwa heshima, lakini alinijibu: "Mama, unamtoa mtoto saa kumi na mbili na dakika hamsini. Kengele yao ni saa moja na robo."

Ni kweli. Nilikwenda nikapiga hesabu. Daraja la Nyerere lina urefu wa mita 680. Kwa mwendo wa kilomita 40 kwa saa linavukwa kwa dakika moja. Kwa kilomita 60 linavukwa kwa sekunde 41. Haraka yote ile, mtoto anatokwa machozi kwa upepo, faida yake ni sekunde 20. Sekunde ambazo mimi nazipoteza kila asubuhi nikitafuta soksi.

La pili lilikuwa la simu. Kila siku saa moja kasoro dakika tano nilikuwa nampigia kuuliza wamefika wapi. Alikuwa anapokea, simu ameichomeka ndani ya kofia ngumu. "Nisipopokea unapiga tena na tena, mama. Na saa hiyo ndipo tunapokuwa juu ya daraja." Yaani mimi mwenyewe, kwa wasiwasi wangu wa mzazi, ndiye niliyekuwa namfanya kijana wa watu aendeshe huku akizungumza na simu, na mwanangu yupo nyuma yake.

Tulichobadilisha

Kwanza kofia ngumu. Tulimnunulia binti ya kwake, ya saizi yake. Namna ya kupima ni rahisi: ivae, funga mkanda, tikisa kichwa, ikicheza si yako. Mkanda ubane kiasi cha kupitisha vidole viwili chini ya kidevu. Mkanda usiofungwa darajani ni bure, upepo unaingia kwa mbele na kuinyanyua kofia kama ulivyonyanyua ile ya sare. Wazazi wengi tunaogopa kofia za bodaboda kwa sababu ya jasho la watu na magonjwa ya ngozi, na tuna haki, lakini jibu lake ni kununua ya mtoto, si kumwacha kichwa wazi. Watafiti waliokusanya tafiti nyingi za nchi mbalimbali waliona kuwa kofia ngumu inapunguza uwezekano wa kufa kwenye ajali ya pikipiki kwa asilimia 42, na kuumia kichwa kwa asilimia 69.

Pili mavazi. Hili tunalionea haya kulizungumza na kina baba hawalioni kabisa. Binti aliyevaa sketi ya shule hukaa upande, miguu yote imening'inia upande mmoja. Akikaa hivyo uzito wote unaegemea upande huo, hana cha kubana kwa magoti, na upepo ukimsukuma kutoka mbele yake hana cha kumzuia asiende chali. Mpe suruali au taiti ya kuvaa chini ya sketi ili aweze kukaa kwa kupanua miguu, aisogelee pikipiki na kumshika dereva kiunoni. Ushungi uingizwe ndani ya sweta. Mama mwenzangu unayepanda na khanga au dera, likusanye lote ulikalie. Ncha ikifika kwenye cheni au spoku hakuna muda wa kupiga kelele.

Begi livaliwe mgongoni kwa mikanda yote miwili na likazwe. Begi linaloning'inia bega moja huvutwa na upepo na mtoto huvutika nalo. Mwavuli usifunguliwe kabisa, na pikipiki zile zilizofungwa mwavuli mkubwa kwa juu mimi sipandi kwenye daraja lolote, maana hiyo sasa ni jahazi.

Mtoto naye ana kazi yake. Nilimwambia binti: upepo ukija usijaribu kuinamia upande mwingine kumsaidia anko, kaa kama alivyokaa yeye. Usigeuke nyuma, usiachie mikono kushika kitu kinachopepea. Kitu kikiruka, kimeruka. Kofia ni ya kununua.

Na ikitokea pikipiki imezima au imepata pancha katikati ya daraja? Tulikubaliana hivi: dereva anaisogeza ukingoni kushoto kadiri awezavyo, binti anashuka kwa upande huo wa kushoto, anapanda kwenye njia ya waenda kwa miguu, na anatembea mbele kwenda kungoja mwisho wa daraja. Daraja la Nyerere lina njia ya watembea kwa miguu pande zote mbili. Asibaki amekaa juu ya pikipiki, na asisimame nyuma yake, kwa sababu gari lisiloiona pikipiki litawapitia wote.

Neno kwa kina mama wa skuta. Tumekuwa wengi siku hizi, na mimi nimeanza kujifunza. Skuta ina matairi madogo, na nyingi hazina tenki la kubana kwa magoti, kwa hiyo maungio na upepo unavisikia zaidi kuliko mwenye pikipiki kubwa. Mwalimu wangu anasema kosa la wageni ni kuushika usukani kwa kuukaba. Mikono ikikakamaa, kila mtikisiko wa mwili unaingia kwenye usukani na skuta inaanza kuyumba. Legeza mabega, shika kwa utulivu, mwendo uwe wa chini na usiobadilika badilika, macho yatazame mbali mbele. Usiyatazame maji. Skuta huenda yanapotazama macho, sijui kwa nini, lakini nimeliona hilo uwanjani tukijifunza kwenye mstari wa chaki.

Na mdogo wake?

Ninaye wa miaka sita pia. Yeye alikuwa anakaa katikati, kati ya dereva na dada yake, mshikaki kamili. Kanuni za bodaboda haziruhusu kumpakia mtoto wa chini ya miaka 9, na polisi wa usalama barabarani wamelisema mara nyingi, nasi wazazi tunalisikia kama tunavyosikia tangazo la redio. Sababu si ukali. Mtoto wa umri ule miguu haifiki kwenye vikanyagio, mikono haizunguki kiuno cha mtu mzima, na akisinzia, na husinzia, hakuna kinachomshika. Anayekaa mbele juu ya tenki ndiye yupo pabaya zaidi, ni yeye atakayegonga kwanza.

Hili lilikuwa gumu kuliko yote, nisiseme uongo. Basi la shule ni ghali. Tulichofanya ni kwamba mimi naondoka naye mapema kwa daladala, namwacha shuleni, kisha naenda kazini. Maana yake nimeamka dakika 40 kabla ya zamani, na siku mbili za wiki nachelewa kazini. Bosi wangu hajafurahi. Mume wangu anapokuwa zamu ya mchana ananipokea.

Binti anatoka saa 12:30 sasa. Kijana ameacha kupokea simu njiani, nami nimeacha kupiga, ingawa wiki ya kwanza nilikuwa natembea na simu mkononi kama mgonjwa. Wakimaliza daraja anasimama kituoni, upande wa pili, anatuma ujumbe wa neno moja: "Tumevuka." Kofia ya sare siku hizi inasafiri ndani ya begi.